Prado ya mtumba kwa kazi tatu: foleni ya mjini, tela la shamba na njia za masika

Gari moja linapopewa kazi tatu, kila kazi hulivutia upande wake. Springi ngumu zinazobeba tela vizuri humrusha dereva kwenye kila tuta la barabarani siku ambayo gari ni tupu, na matairi yenye meno makubwa yanayotambaa kwenye tope hunguruma na kuteleza kwenye lami yenye maji. Mimi ninaishi Kibaha, ninafanya kazi katikati ya Dar es Salaam, na ninalima mpunga Dakawa, wilaya ya Mvomero, mahali ambapo udongo mweusi wa mbuga hugeuka gundi masika yanapoanza. Gari ninalotumia kwa yote hayo ni Toyota Land Cruiser Prado ya mfululizo wa 90, zile zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1996 hadi 2002, yenye injini ya dizeli ya 1KZ-TE ya lita 3.0 na giaboksi ya otomatiki. Kwa miaka niliyolitumia nimefikia msimamo ambao sijaona sababu ya kuubadilisha: fedha ya kwanza iende kwenye joto na breki, na mengine yote yawe ya namna inayoweza kuongezwa au kupunguzwa kulingana na kazi ya siku hiyo.

Kabla ya hayo yote, gari lirudishwe kwanza katika hali liliyotoka nayo kiwandani. Gari lenye umri wa zaidi ya miaka 20 halijakaa sawa hata kama rangi yake inang'aa, na kulinyanyua au kulifungia springi mpya juu ya bushi (mipira ya kwenye viungo) zilizokwisha ni kufunika ugonjwa. Mwambie fundi alipandishe jeki, aingize mtaimbo kati ya kila mkono wa mbele na chesisi, kisha ausukume taratibu huku wewe ukitazama: bushi nzima hujikunja kidogo na kurudi, iliyokwisha huacha chuma kigonge chuma. Boljointi za chini za mbele, yaani viungo vya mviringo vinavyoshika gurudumu, zitazamwe kwa makini zaidi kuliko kitu kingine chochote upande huo, kwa sababu katika muundo huu uzito wa gari huzivuta badala ya kuzikandamiza, na ikichomoka moja gurudumu hulala papo hapo. Kwa spea hii nunua halisi au usinunue kabisa. Shokomzoba zinazovuja, krosi za propela shafti zenye mchezo na beringi za magurudumu zinazolia zimalizwe katika hatua hiyo hiyo.

Sasa joto. Injini ya 1KZ-TE ina bloku nene ya chuma cha kusubu na silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini) ya alumini, na alumini haisamehe. Ikichemka mara moja vibaya, hedi inaweza kupinda au kupata ufa, na gharama yake hupita thamani ya marekebisho yote ninayoyaeleza hapa. Anayevuta tela lenye tani moja na nusu kupandisha Kitonga saa saba mchana anaiomba injini hiyo nguvu nyingi kwa mwendo mdogo, yaani joto jingi na upepo mchache wa kulipoza. Kwa hiyo rejeta ikaguliwe kwanza. Watu wengi huijaza maji ya bomba au ya kisima, na maji yetu mengi yana chumvi na chokaa inayoganda ndani ya mirija mpaka nusu ya rejeta haifanyi kazi. Injini ikiwa moto, pima uso wa rejeta sehemu kwa sehemu kwa kipimajoto cha kuelekeza kwa mbali. Penye ubaridi usio wa kawaida katikati ya eneo la moto maji hayapiti. Rejeta ikiwa imeziba, mimi nashauri ibadilishwe badala ya kuzibuliwa, kisha mfumo wote usafishwe na kujazwa kulanti (kimiminika cha kupozea injini) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa ya betri yasiyo na asidi.

Feni nayo isisahaulike. Feni ya injini hii haishikani moja kwa moja na mkanda, bali hushikwa na kiungo chenye mafuta mazito ya silikoni yanayokaza kadiri joto linavyopanda. Baada ya safari, zima injini, subiri isimame kabisa, uizungushe feni kwa mkono: ikikataa kidogo kiungo ni kizima, ikizunguka bure kimekwisha, na gari la namna hiyo litavumilia foleni ya asubuhi lakini litachemka mlimani. Zaidi ya hapo, usiutegemee mshale wa joto uliopo kwenye dashibodi, maana umetengenezwa ukae katikati kwa nyuzi nyingi za joto na huanza kupanda wakati madhara yamekwisha kuanza. Funga kipimo cha tarakimu chenye kihisi chake kwenye hedi, na kingine kinacholia kulanti inapopungua. Ni vifaa vya bei ndogo, na kwa gari linalovuta tela navihesabu kuwa vya lazima kuliko taa za ziada au ngao ya mbele.

Giaboksi ya otomatiki hupika oili yake kimya kimya. Oili hiyo hupozwa ndani ya rejeta hiyo hiyo ya injini, na mrija wa ndani ukioza, kulanti na oili huchanganyika na giaboksi hufa. Hii ni sababu nyingine ya kuibadilisha rejeta ya zamani mapema. Nilifunga kipoza oili cha ziada mbele ya rejeta, oili ikipita kwanza kwenye rejeta kisha kwenye kipoza hicho kabla ya kurudi, na ninabadilisha oili kila inapoanza kupoteza wekundu wake na kunuka kuungua. Ninapovuta tela ninazima gia ya juu kwa kitufe cha O/D kilicho kwenye mkono wa gia, ili giaboksi isiwe inapanda na kushuka kila mwinuko mdogo unapotokea. Mafundi wengine hushauri kuongeza dizeli au kufunga kijisanduku cha kudanganya kompyuta ili gari lipate nguvu. Nguvu itakuja kweli, ila kila tone la ziada ni joto la ziada ndani ya hedi ile ile ya alumini, na kwa mtu anayevuta mzigo silishauri hata kidogo.

Kuhusu breki, jambo la kukumbuka ni kwamba tela halisimami kwa huruma ya gari. Nchi nyingi za Ulaya hudai tela linalozidi kilo 750 liwe na breki zake lenyewe, na kipimo hicho nakichukua kuwa cha busara hata pale ambapo hakuna askari wa kukiuliza. Breki rahisi kwa tela la shamba ni zile zinazofanya kazi kwa msukumo: gari linapopunguza mwendo, tela husukuma kichwa chake mbele, na msukumo huo huvuta waya au hubana haidroliki mpaka magurudumu ya tela yakajifunga. Kwenye gari lenyewe, badilisha pedi, chonga au badilisha diski zilizopinda, na mwaga mafuta ya breki yote yaliyopo. Mafuta hayo hufyonza unyevunyevu, na sisi wa Pwani tunaishi ndani ya unyevunyevu. Aina ya DOT 3 ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishafyonza maji kiwango chake hushuka hadi kufikia 140. DOT 4 ni 230 ikiwa kavu na 155 ikiwa na maji. Mafuta yaliyozeeka yakichemka kwenye mteremko mrefu, pedali huzama mpaka chini bila kushika. Ninayabadilisha kila baada ya miaka miwili, na mteremkoni ninaingia na gia ndogo tangu juu, kabla gari halijakusanya kasi.

Ndoano ya tela ifungwe kwenye chesisi kwa bolti, isichomelewe kwenye bampa. Uzito unaokaa juu yake uwe takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wa tela. Kwa tela la kilo 1,500 hizo ni kama kilo 150. Mzigo ukiegemea nyuma sana, tela huanza kuyumba mkia mwendo ukiongezeka, na dereva akikanyaga breki kwa nguvu hulizidishia. Dawa ni kuachia mafuta, kushika usukani sawasawa na kuliacha lipungue lenyewe. Jambo ambalo huwapita wengi ni tangi la maji. Tangi la lita 1,000 lililojaa lina tani moja inayotulia, bali likiwa nusu maji hukimbia mbele na nyuma kila unapofunga breki, na uzito wa ndoanoni hubadilika papo hapo kwenye kona. Ninabeba tangi likiwa limejaa au tupu, hakuna kati.

Kilo 150 hizo zinapokaa nyuma kabisa ya gari hulaza mkia na kunyanyua pua, usukani ukawa mwepesi na taa zikamulika juu, machoni mwa wanaokuja. Wengi hujibu kwa kufunga springi nzito za nyuma. Mimi nilifunga puto za upepo zinazoingia katikati ya springi za koili za nyuma, zilizopo kwa ajili ya magari ya aina hii, kwa kuwa springi za kawaida zinabaki na ulaini wake. Jumatatu asubuhi nikielekea mjini puto zina psi 5 tu (kipimo cha mgandamizo wa upepo), kiasi cha kuzizuia zisichanike, na tela linapofungwa ninaongeza hatua kwa hatua mpaka mkia urudi kwenye urefu wake wa kawaida, bila kuvuka kikomo kilichoandikwa na mtengenezaji. Pima kwa futi kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi kabla ya kufunga tela na baada yake, usikisie kwa macho. Kunyanyua gari lote sikushauri zaidi ya milimita 50. Kupita hapo, viungo vya shafti za mbele hufanya kazi kwa pembe kali na kuchakaa haraka, na gari lenye kimo kirefu huvuta tela vibaya.

Matairi ya kiwandani ni 265/70R16. Nimeyabadilisha kwa 265/75R16 ya njia zote, yenye kipenyo kilichozidi kwa takriban milimita 26, hivyo difu, lile boksi la gia kwenye ekseli, imepanda milimita 13 na spidometa inasoma pungufu kwa asilimia 3 na ushee, jambo la kulikumbuka kwenye kila kibao cha 50 kijijini. Ukubwa zaidi ya huo huifanya gia iwe nzito, na gari likiwa na tela utalijutia. Usinunue matairi ya mtumba kwa kutazama meno peke yake. Tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, ambapo 2322 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2022. Na upepo ndio marekebisho ya bei nafuu kuliko yote. Kwenye mchanga ninashusha hadi psi 18, nikitoka ninarudisha kabla sijagusa lami, na ndiyo maana pampu ndogo ya betri haitoki garini.

Kwa njia za masika, kazi iliyonifaa zaidi ni ya mpira mwembamba wa mita chache. Difu ina kitundu cha kupumulia. Ikiwa ya moto ikaingia ghafla kwenye maji, hewa yake hujikunja na kuvuta maji ndani, na baadaye fundi akifungua nati chini hutoka oili ya rangi ya chai ya maziwa. Unganisha mpira kwenye vitundu vya difu na giaboksi, uupandishe hadi juu ya injini. Winchi na ngao ya chuma sijafunga, kwa sababu uzito wote huo hukaa juu ya springi za mbele kila siku ya foleni ilhali kazi yake ni ya nadra. Ninabeba koleo, mbao mbili za plastiki za kujinasulia na kamba ya kuvutia. Kamba hiyo kamwe isifungwe kwenye kichwa cha mviringo cha ndoano ya tela, kwani kikikatika huruka kwa nguvu ya risasi na kuua. Wala isifungwe kwenye vile vikulabu vyembamba vya mbele ambavyo magari haya huja navyo, maana ni vya kulifunga gari melini. Weka kulabu halisi zilizofungwa kwa bolti kwenye chesisi, mbele na nyuma.

Waya za taa za tela zipitie kwenye relei zenye fyuzi zake, zisiunganishwe moja kwa moja na taa za nyuma za gari, kwa sababu swichi za zamani hazikuumbwa kubeba mzigo huo. Tela lina usajili na namba yake lenyewe, na kampuni ya bima ijulishwe kwa maandishi kwamba gari lina ndoano, kipenyo kipya cha matairi na puto za nyuma. Barua hiyo omba nakala yake igongwe muhuri, uiweke pamoja na kadi ya gari.