Nguo za kila siku za mtoto wa miaka 3

Dada, umeuliza utamvalishaje binti wa miaka 3 apendeze na bado acheze kwa raha. Mimi huanzia kiunoni: suruali au sketi ya mpira, maana mtoto aliyebanwa na haja hana muda wa kupambana na zipu na vifungo. Kitambaa kiwe pamba, au pamba yenye mvutiko kidogo ili magoti yakunjike. Pamba tupu hurudi ikifuliwa mara ya kwanza, kwa hiyo usichukue inayomkaa barabara. Chukua yenye nafasi kidogo, suruali uipinde pindo kwa ndani, ulifumue akirefuka. Ila viatu usimnunulie vikubwa, atajikwaa.

Urembo? Chagua rangi 3 zinazoelewana, moja iwe nzito ya kuficha madoa. Maua na michoro yabaki juu, chini pawe rangi moja. Hapo hata akijichagulia mwenyewe atatoka nadhifu. (Wangu huvaa fulana mbele nyuma, nimeshamwachia.)

Na zile kamba za shingoni kwenye sweta zenye kofia, zichomoe kabisa. Hunasa kwenye bembea zikamkaba mtoto.