Maswali na Majibu: Namba za Kerneli Si za Kugawa Ovyo

Shikamoo mwalimu. Programu yangu ya C inatumia syscall(1, 1, "Habari\n", 7). Kwenye laptop inaandika, kwenye Raspberry Pi ya chuo kimya. Kifaa kimeharibika? (Mwanafunzi, Ubungo)

Marahaba. Kifaa ni kizima. Kila mwito wa kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, una namba yake. Namba 1 ni write (kuandika) kwenye x86-64, aina ya prosesa ya laptop yako. Kwenye ARM64, ya hiyo Raspberry Pi, write ni 64, na 1 ni io_destroy, kazi nyingine kabisa. Ulirudishiwa -1, hukuisoma. Andika SYS_write, jina linalobeba namba sahihi ya kila mashine, au bora fanksheni ya write() yenyewe, ambayo ilikuwepo muda wote. Na shukuru ilikuwa namba 1: 35 kwenye laptop yako ni nanosleep, ya kusubiri tu, kwenye ARM64 ni unlinkat, inayofuta faili.

Nikiiruka glibc (maktaba ya C ya Linux) nikaita kerneli moja kwa moja, programu si itakimbia zaidi? (Sinza)

Aa wapi. clock_gettime ya glibc kwa kawaida husoma saa kupitia vDSO, kipande cha msimbo ambacho kerneli huweka ndani ya programu yako, bila kuingia kerneli kabisa. Wewe na syscall() yako unaingia kila mara.

read() inanirudishia baiti pungufu. Ni kosa la Linux? (Mbagala, na wengine kibao)

Siyo. Rudia kusoma mpaka zitimie au upate 0. Ukurasa wa man umelijibu hili kabla yangu.

Ofisini tunaandika maktaba ya C itakayotumiwa na timu nyingine. Kuna miito ambayo glibc haina fanksheni yake, kama futex. Nataka kuwapa fanksheni moja tu, piga(namba, ...), kila mtu aite anachotaka. Unaonaje kaka? (Kijitonyama)

Naona unawarushia wapangaji funguo za nyumba nzima. Vidoti vile vitatu vinaifumba macho kompaila: mtu akipitisha int palipotakiwa pointa, haambiwi kitu. Kila kazi iwe na fanksheni yake yenye aina za vigezo zilizotajwa, na namba zibaki ndani ya faili moja mnayoimiliki nyie.

Kisha makosa. Kerneli haijui errno, mahali C inapoweka namba ya kosa. Inarudisha namba hasi kati ya -4095 na -1, na syscall() ndiyo huigeuza kuwa -1 na kujaza errno. Ukijifanya fundi wa asembli, kazi hiyo ni yako. Nimeshaona msimbo unaopokea -2 kutoka openat, yaani faili halipo, halafu unaipeleka -2 hiyo hiyo kwenye read.

Majina pia. Kerneli ina gettid, inayotoa namba ya uzi (thread), tangu toleo 2.4.11, glibc ikaileta kwenye 2.30, mwaka 2019. Hapo katikati watu walijiandikia static gettid zao. Glibc ilipoleta ya kwake, programu hizo zikagoma kukompailiwa. Wekeni kiambishi chenu mbele ya kila jina.

Hukuuliza, lakini usiiguse SYS_setuid. Kerneli ya Linux hubadilisha mtumiaji wa uzi mmoja tu. Glibc ndiyo inayohangaika kuzipitia nyuzi zote. Ukiiruka, uzi mmoja umeshuka cheo na nyingine bado ni root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, wala hakuna ujumbe wowote wa kosa. Na mteja mwenye seva yenye kerneli kuukuu atapata ENOSYS, kosa la "mwito huu haupo", kwa mwito mpya, basi andaa njia ya pili mapema.

Maktaba ya namna hiyo itaenda OpenBSD na Mac? (Tabata)

OpenBSD iliifuta syscall() kabisa kwenye toleo 7.5, mwaka 2024. Kwenye Mac, hata lugha ya Go, iliyozoea kuita kerneli yenyewe, ilihamia libSystem, maktaba ya mfumo ya Mac, kufikia toleo 1.12. Windows hata msiniulize: namba zake hubadilika toleo hadi toleo.

Programu inakufa ghafla. Nimeambatanisha picha. (Kariakoo)

Picha ya skrini, imepigwa kwa simu, na mwanga wa dirisha umekaa juu ya mstari wa kosa. Endesha strace, inayorekodi miito ya programu kwa kerneli, hivi: strace -f -o matokeo.txt ./programu, unitumie mistari ishirini ya mwisho kama maandishi.