Shangazi, nimeisugua sarafu ya mume wangu na dawa ya meno, sasa haniongeleshi

"Shangazi shikamoo. Tuko Houston. Mume wangu anakusanya sarafu za dhahabu za kale za Kimarekani, bei hasemi. Juzi nimekuta moja kwenye soksi, ya dola 20, mwaka 1876, ina CC chini ya tai, imefubaa, nikaisugua na dawa ya meno ikang'aa nikijua nimemfurahisha. Wiki nzima kanuna. Kwani usafi ni kosa? Mama Wawili"

Marahaba mwanangu. Mmh, kwenye sarafu ndio, usafi ni kosa. Wenzetu hao wanataka ile ngozi yake ya zamani, ukisugua inabaki na mikwaruzo midogo midogo ambayo mtaalamu akishika lenzi tu kaiona, na akiipeleka PCGS au NGC, wale wanaozikagua na kuzifungia kwenye plastiki, hawakatai kuwa ni halali lakini ile namba safi ya ubora, ya 1 mpaka 70, haipati, wanaandika imesafishwa na bei inashuka.

Ila punguza presha. CC ni Carson City kule Nevada, mtambo wa serikali ulioanza kupiga sarafu 1870 jirani na migodi ya fedha, na wakusanyaji wanazigombania sarafu zake, ndo maana mumeo kachanganyikiwa. Sasa ingekuwa ya 1870 yenyewe, ambazo zilitoka 3,789 tu, ningekwambia nenda kalale kwa dada yako kwanza! Za 1876 zilipigwa zaidi ya laki moja. Na dhahabu iko palepale karibu wakia nzima, kilichopungua ni ile hela ya juu wanayolipa wakusanyaji.

Muombe msamaha kweli, bila "lakini na wewe". Usijaribu kuifubaza tena, na usikimbilie kuiuza kwa wanaonunua dhahabu chakavu, watakupa bei ya kuyeyusha.

Akishatulia ndo umgeukie. Kitu cha maelfu ya dola kinakaa kwenye soksi, mke hajui? Tena kama haikuwa kwenye plastiki muulize vizuri nani aliithibitisha, maana feki zimejaa, mwambie hata mizani aiweke tu, halali ina gramu 33.4 na sumaku haiishiki. Halafu akuonyeshe risiti zote, mpange kwa mwezi hela za sarafu zitoke ngapi na ada ya watoto ikae pembeni, na hizo sarafu zitoeni kwenye soksi, wekeni kasiki au benki.