Kabla Hujamfukuza Dereva, Tuma Oili Maabara

Jumatatu nimepokea ujumbe wa dada mmoja wa Mafinga mwenye lori la mbao. Injini yake imenoki, fundi amemwambia kwamba dereva alikuwa anauza oili njiani, na barua ya kumwachisha kazi ameshaiandika. Anachotaka kwangu ni nimtafutie dereva mwingine.

Dada yangu, hiyo barua iweke kabatini kwanza. Mimi niliwahi kuandika ya namna hiyo mwaka 2021, na mpaka leo inanichoma.

Nina matrekta mawili. Nakaa Uyole, Mbeya, lakini kazi iko bonde la Usangu, kwenye mashamba ya mpunga ya Igurusi na Ubaruku. Anayeijua Usangu ya mwezi wa kumi anajua vumbi lake. Ni laini kama unga wa sembe, na trekta likigeuza mwisho wa shamba linapita ndani ya wingu ililolitimua lenyewe. Mimi nilikuwa naliona hilo vumbi kwenye nguo za dereva tu. Kwamba na injini nayo inalivuta, halikunipita kichwani.

Trekta la kwanza likaanza kula oili. Wiki hii dereva anaomba lita mbili, wiki ijayo tatu. Nikahesabu madumu, nikajiambia naibiwa. Akanionyesha moshi wa bluu kwenye ekzosi, nikaona ananizunguka. Injini ikafa katikati ya msimu, wakati wakulima wameshanilipa nusu ya hela yao. Nikamfukuza yule kijana mbele za watu, na fundi wangu akanikazia: "Mama, huyu alikuwa anaendesha injini kavu." Injini nikaitengeneza kwa mkopo wa kikoba. Kijana alifunga begi lake taratibu, akasema neno moja tu: "Mama, mimi ile hozi nilikuambia."

Sikutaka kumsikia. Hozi aliyoisema ni ile inayotoa hewa kwenye filta na kuipeleka kwenye injini. Ilikuwa imepasuka chini, upande usioonekana. Aliniambia mara mbili, na mara zote mbili nikamjibu afunge kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, mpya tutanunua baada ya mavuno.

Misimu miwili baadaye trekta la pili likaanza mchezo uleule, na dereva mwingine kabisa. Safari hii alikuwepo fundi aliyewahi kufanya kazi migodini. Akaniambia kule hawabishani na dereva, wanachota oili ya injini na kuipeleka maabara ipimwe. Nikadhani ni mambo ya makampuni makubwa. Kumbe ni jambo la zamani: mafundi wa reli ya Denver and Rio Grande Western kule Marekani walikuwa wakizisoma injini za treni zao za dizeli kupitia oili chafu tangu 1946. Nikapata maabara Dar es Salaam inayopokea chupa hata moja ya mtu binafsi. Gharama ya kipimo na ya kutuma kifurushi kwa basi, ukijumlisha, haikufika bei ya dumu la oili la lita 20.

Sampuli ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Nilichukua chupa ya maji ya kunywa, nikaikung'uta, nikajaza oili. Majibu yakaja kwamba oili ina maji. Fundi akaanza kuzungumzia gasketi ya silinda hedi, mimi usingizi ukaniisha. Yule wa migodini alidondosha oili kidogo kutoka kwenye injini juu ya kikaango cha moto. Oili yenye maji hupasuka na kulia kama mahindi ya bisi. Yetu ilitulia kimya, ikatoa moshi tu. Maji yalikuwa ya kwenye chupa. Kwa hiyo chupa iwe mpya na kavu kabisa, na hili nalisisitiza kwa sababu liliniibia siku kumi.

Ya pili tuliichota vizuri. Injini ifanye kazi kwanza mpaka ipate moto, ili uchafu uelee ndani ya oili usituame chini. Futa nati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kwa kitambaa safi, fungua, acha oili ya mwanzo ipite kwa sababu inakuja na matope ya chini, kisha kinga ile ya katikati. Ukiwa na pampu ndogo ya mkono na mpira mwembamba, unaweza kuivuta kupitia tundu la dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, bila kumwaga chochote. Usijaze chupa hadi juu. Inatoka kwenye baridi ya Uyole inakwenda kwenye joto la Dar, na oili ikipata joto inatanuka. Kaza kifuniko, zungushia utepe wa gundi, tia kwenye mifuko miwili ya nailoni, halafu kwenye boksi lenye maranda ya mbao. Na mwambie karani wa basi ukweli kwamba ndani ni oili.

Juu ya chupa andika tarehe, aina ya oili, injini ina masaa mangapi, oili yenyewe imefanya kazi masaa mangapi, na umeongeza lita ngapi katikati. Bila hayo maabara watakupa namba ambazo hata wao hawawezi kukueleza maana yake.

Ripoti ilikuja kwa simu, nikaisoma nimesimama sokoni Mwanjelwa na mfuko wa viazi mkononi. Uzito wa oili, yaani mnato wake, ulikuwa sawa: oili ya 15W-40 ikiwa kwenye nyuzi joto 100 inatakiwa isome kati ya sentistoki 12.5 na 16.3, na yetu ilikuwemo. Sodiamu na potasiamu, ambazo zikipanda zinaonyesha maji ya rejeta yameingia, zilikuwa chini. Risasi na shaba, ambazo ndizo za beringi, chini pia. Lakini chuma kilikuwa juu, alumini juu, na silikoni 64, yaani sehemu 64 kwa kila milioni ya oili. Silikoni peke yake inaweza kutoka kwenye gundi ya gasketi. Ikipanda pamoja na alumini, hilo ni vumbi la shambani. Linapita pale hewa inapopita, linasaga ringi za pistoni na silinda, na ringi zikilika oili inapanda juu kuungua. Ndiyo ule moshi wa bluu. Ndizo zile lita mbili, lita tatu.

Tulifungua hozi ya trekta la pili. Klipu ilikuwa imelegea, na ndani ya bomba ulikuwa umelala mstari wa vumbi jekundu, mwembamba kama uzi. Nilipitisha kidole, nikabaki nakitazama. Tulibadilisha hozi na klipu, tukamwaga oili, na sampuli iliyofuata silikoni ikasoma 14.

Hapo ndipo nilipojua nani aliua injini ya kwanza.

Nilikwenda Igurusi kwa yule kijana na ripoti imechapwa. Mke wake alinikaribisha ndani. Kijana aliisoma yote, akairudisha, akasema, "Asante kwa kuja, mama." Kazini hakurudi, anaendesha trekta la mtu mwingine, na ni haki yake. Tukikutana barabarani ananisalimia vizuri, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Nyie wenye magari, acheni kuhukumu watu kwa kuhesabu madumu. Dereva ndiye anayelala na hiyo mashine, masikio yake yanajua kabla ya yako. Akikuambia kitu mara mbili, nenda ukaangalie kwa macho yako. Na usingoje moshi ndipo upime. Pima kila unapomwaga oili, utunze majibu, maana kinachosema zaidi ni namba ilivyopanda kutoka mara iliyopita.

Sasa nirudi kwako, dada wa Mafinga. Hata injini iliyokufa oili yake inapimika. Mpigie fundi sasa hivi, kama oili bado imo kwenye sampu asiimwage na asiuze. Akinge chupa moja katikati ya mmwago, na filta ya zamani aihifadhi, kwa sababu mashine ya maabara haizioni chembe kubwa za chuma, hizo utaziona mwenyewe ukikata karatasi ya filta na kupitisha sumaku. Mwombe na dereva wako awepo wakati mnachota. Mabasi ya Mbeya yanapita hapo kwenu kabla ya saa sita mchana, chupa ikiwa tayari kesho asubuhi, usiku itakuwa Dar.