Ukikusanya viungo vya mbuzi kupima jeni za chaneli za ayoni, anza na kongosho

Kuna mdogo wangu mmoja wa masta ameniuliza vile nilichukua sampuli zangu za kupima jeni za chaneli za ayoni, yaani zile protini zinazopitisha chembe zenye chaji kama sodiamu kuingia na kutoka kwa seli, nikaona niandike hapa kwa sababu najua kuna wengine Kisumu, Maseno na Njoro wanapanga kazi kama hiyo.

Siku ya kwanza nilifika kichinjioni hapa Kisumu saa kumi na moja asubuhi na kikasha cha barafu. Mbuzi akachinjwa, nikapewa moyo, nikaukata polepole, nikaenda figo, ini, nyama ya paja, ubongo tukangoja mpaka kichwa kipasuliwe, na kongosho nikaiacha ya mwisho kwa sababu ni laini halafu imejificha kwa mafuta. Zikawa zimepita kama dakika arobaini. Kufika maabara nikapitisha RNA, ile nakala ya jeni ambayo seli hutumia kutengeneza protini, kwa jeli kuona kama ni nzima, zile zingine zote zina mistari miwili safi kabisa, ya kongosho ni moshi tu kutoka juu hadi chini, yaani imekatikakatika. Ile kongosho ndiyo hutengeneza vimeng'enya vya chakula, na kimojawapo kazi yake ni kukata RNA, kwa hivyo mnyama akishakufa inaanza kujila yenyewe. Na joto letu linaisaidia. Sasa naikata kwanza, vipande vidogo kama punje za mchele, moja kwa moja kwa nitrojeni ya kimiminika, ile baridi kali ya kugandisha papo hapo.

Kitu kingine, usiandike tu "MOYO" kwa chupa. Mimi niliandika hivyo, na mbuzi wa kwanza na wa pili wakakataa kabisa kukubaliana kuhusu HCN4, hiyo chaneli inayoanzisha mapigo. Ilinichukua wiki mbili kukumbuka kwamba mmoja nilimkata karibu na mahali mshipa mkubwa unaingia chumba cha juu kulia, ambapo ndipo mapigo yanaanzia na HCN4 imejaa, na mwingine nilimkata kwa ncha ya chini. Niliporudi mchinjaji akaniuliza, "Daktari, si moyo ni moyo?" nikamwambia, "Hapana mzee, leo nataka hapa juu peke yake, na hapa chini peke yake." Akanikatia vizuri kunishinda.

Chaneli za sodiamu ndizo zinanifurahisha sana. Ni ukoo mmoja lakini kila kiungo kina wake: SCN5A iko moyoni, SCN4A kwa misuli ya mifupa, SCN1A, SCN2A na SCN8A ubongoni. Ndio maana lidokaini, ile ganzi ya daktari wa meno, hutumika pia kutuliza moyo unaopiga ovyo, inashika ndugu wa ukoo huo huo. Lakini angalia umri wa mnyama. Kwa panya wachanga misuli bado ina SCN5A nyingi, wakikua inashuka na SCN4A inachukua nafasi, sasa wewe ukichanganya kitoto na mbuzi mzima utatafuta tofauti ya viungo upate tofauti ya umri.

Halafu jeni ya kulinganishia, ile unagawanya nayo matokeo ili sampuli zilinganishwe sawa, tafadhali usitegemee GAPDH, jeni ya kimeng'enya cha kuvunja sukari, peke yake. Misuli inatumia sukari sana kwa hivyo GAPDH yake iko juu sana, ukigawanya nayo chaneli za misuli zitaonekana chache kuliko zilivyo. Chukua angalau tatu, zijaribu kwa viungo vyako vyote kabla hujaanza, ukiona moja inapanda na kushuka iache.

Na ukikosa kitu usikimbilie kusema hakipo. Nilitafuta SCN9A, ile ya maumivu, kwa ngozi, nikapata karibu sufuri, na ngozi inaumwa kila siku! RNA yake inakaa kwa vifundo vya neva kando ya uti wa mgongo, protini ndiyo inasafirishwa kwa ile nyuzi ndefu mpaka ngozini. Kwa hivyo kama swali lako ni maumivu, mwambie mchinjaji akupasulie uti wa mgongo, vifundo ni vidogo kama maharagwe na viko pale mshipa wa neva unatoka katikati ya mifupa, jipe dakika ishirini na kisu kidogo chenye makali, lakini baada ya kongosho.