Kabla hujanunua rekoda, nunua daftari

Juzi kijana mmoja anayeanza kazi hii ya historia ya jamii kanipigia simu, ana laki tatu amezitunza, likizo imefika na anataka kwenda kwao Ruvuma kuwarekodi wazee habari za Maji Maji, ile vita ya kuwapinga Wajerumani, anauliza anunue rekoda gani. Nikamwambia mdogo wangu, hiyo hela fanya nauli ya kwenda mara tatu, simu yako inatosha, alafu nunua daftari lenye jalada gumu. Nikasikia sauti yake imepoa kidogo, ndo mana nimeona niandike kwa urefu, kwa sababu mwaka huu naona wengi wanaingia, wengine wana digrii za historia, wengine ni waalimu, wengine hawajasoma historia kabisa ila wamechoka kusikia habari za babu zao zikisimuliwa na watu wa mbali. Wote karibuni sana.

Daftari ni la majina. Hapa ntakaa kidogo.

Miaka yangu ya mwanzo nilirekodi na kupiga picha nyingi sana pale Old Moshi na vijiji vya jirani, na kwenye kompyuta nikawa naandika tu "mzee wa mgombani", "bibi 1", "bibi 2", nikijua ntakumbuka. Sikukumbuka. Kama miaka sita baadae akaja binti anatafuta sauti ya bibi yake aliyefariki, amesikia nyumbani kwamba kuna mtu aliwahi kumrekodi. Nafungua folda nakuta mabibi kumi na moja hawana majina. Tukakaa naye kuanzia asubuhi tunasikiliza mmoja mmoja, huyu siye, huyu siye, mpaka tukafika wa tisa, na huyo alimtambua kabla bibi hajasema neno lolote, alimtambua kwa kikohozi. Aliweka mkono juu ya spika ya kompyuta akauacha pale mpaka rekodi ikaisha, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni nina aibu ambayo mpaka leo sijaimaliza. Kwahiyo kabla hujabonyeza kitufe, andika jina kamili, jina la baba yake, ukoo, kitongoji, tarehe, nani kakuleta, nani mwingine alikuwepo pale. Alafu yaseme hayo yote kwa sauti mwanzo wa rekodi, maana daftari linaweza kuloa lakini sauti itabaki imebeba jina lake.

Msidhani hili ni jambo la usafi wa mafaili tu. Kule pwani ya Kenya kwa Wamijikenda kuna vigango, zile nguzo za mbao ngumu zilizochongwa ambazo familia inasimamisha kumkumbuka marehemu aliyekuwa kwenye Gohu, chama chao cha wazee wenye heshima, na zikishasimamishwa hazihamishwi. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia wa Marekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru amesimama na vigango viwili vya ndugu zake, na haukupita muda vikaibiwa. Mzee aliomba watafutiwe na akafariki havijapatikana. Mwaka 1999 Udvardy yuko kwenye mkutano wa wasomi wa mambo ya Afrika, mwenzake Linda Giles anaonyesha picha za vitu vya makumbusho ya chuo kimoja cha Illinois, na kimojawapo kikawa ni kile kile cha kwenye picha yake. Cha pili kikaja kupatikana kwenye makumbusho ya Hampton University, Virginia. Barua, simu, Makumbusho ya Taifa ya Kenya, familia yenyewe, mpaka vyote viwili vikarudi, na 2007 ikafanyika sherehe ya kuvipokea kijijini. Angalieni kilichofanya kazi pale, ni picha moja yenye jina la mwenye mali, mahali na mwaka. Picha ile ile ingeandikwa "mzee wa Kigiriama na sanamu" hakuna ambaye angeweza kumdai mtu chochote.

Na baada ya hapo njia ikawa imefunguka, mwaka 2019 vigango 30 vilivyokuwa Denver vikafika Kenya na 2023 vikaja 37 kutoka makumbusho ya jimbo la Illinois. Shida ni kwamba vingi vya hivyo havijulikani vilitoka boma gani, kwahiyo vimerudi nchini lakini kurudi kwa wenyewe ni kazi nyingine kabisa. Hiyo kazi ndo inawasubiri nyie.

Sasa mtu atakwambia mwanahistoria asiwe mwanaharakati, akae katikati. Mimi nimelifikiria sana hili na siwezi kukubaliana nalo, kwa sababu huku kwetu unapoingia kwenye nyumba kuuliza habari za zamani na wao wana la kukuuliza. Uchagani ukiuliza habari za Mangi Meli, yaani chifu Meli, ambaye Wajerumani walimnyonga pale Tsudunyi, Old Moshi, tarehe 2 Machi 1900 pamoja na wengine 18, na inasemekana kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, hata chai haijamiminwa unaulizwa kichwa hicho kiko wapi. Umekula chakula chao, umeondoka na sauti zao, hilo swali unalibeba unalipeleka wapi? Mnyaka Sururu Mboro alienda Ujerumani kusoma miaka ya sabini akiwa amemwahidi bibi yake atakitafuta kichwa hicho, na akaishia kuwa mmoja wa waanzilishi wa Berlin Postkolonial, shirika la kule linalofuatilia mambo ya ukoloni. Mjukuu wa Meli, mzee Isaria Meli, akakubali kupimwa vinasaba. Makumbusho ya Berlin yakachunguza mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka Afrika Mashariki, 904 yakaonekana ni ya Rwanda, 202 ya Tanzania, 22 ya Kenya, na Septemba 2023 wakatangaza kwamba mafuvu matatu yamepatiwa ndugu walio hai huku Kilimanjaro, mojawapo likiwa la mtu aliyeitwa Akida, aliyekuwa mshauri wa Mangi Meli. La Meli mwenyewe halikuwemo.

Nawaomba msome hiyo aya tena taratibu. Bibi yake Mboro ameuliza swali, Mboro amelibeba, wakapatikana watu wa kushirikiana nao kule kule mafuvu yaliko, maabara ikaja mwisho. Hivo ndivo uhusiano na nje unavofanya kazi ukiwa mzuri.

Ukiwa mbaya unaanzia upande wa pili. Niliwahi kuingia kwenye projekti moja ya wageni, siwataji, maswali yalikuja yamechapishwa tayari kurasa nne, kila mzee aulizwe yale yale kwa mpangilio ule ule. Kuna mzee tulimkuta alitaka kutuonyesha chemchemi ambayo watu walijificha karibu yake wakati wa vita, amevaa kabisa viatu anatusubiri, na sisi ratiba yetu ilikuwa dakika 40 kwa kila mtu, tukamkalisha kwenye kiti tukamuuliza maswali yetu. Chemchemi hatukwenda. Rekodi zote zikaondoka kwenye hard disk yao, tukaahidiwa nakala, nikaandika barua pepe mara ya kwanza, ya pili, ya nne, basi. Mzee ameshatangulia mbele ya haki. Tangu siku hiyo mimi sianzi kazi na mtu wa nje mpaka tumeandika kwenye karatasi, kwa Kiswahili, kwamba nakala moja inabaki kwa familia kabla mgeni hajapanda gari. Na ridhaa isiwe sahihi ya haraka haraka mlangoni, msomee mtu fomu mpaka mwisho, mwambie sauti yake itasikika wapi na kwamba anaweza kukataa hata mwaka ujao.

Hayo ya viti na dakika 40 mbona sisi wenyewe tulishajua kufanya vizuri kuliko hapo? Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi waende vijijini kwao wakati wa likizo wakaongee na wazee waliokuwa bado wanaikumbuka Maji Maji. Wengi walikuwa ni watoto wa pale pale, wanajua lugha, wanajua kumsalimia nani kwanza. Msikubali kuambiwa hii ni fani iliyokuja na semina.

Kitu kidogo cha kazi ambacho kitawaokolea miezi: mkitafuta kwenye nyaraka za Wajerumani, iwe pale Makavazi ya Taifa Dar ambako kuna mafaili yao au kwenye orodha za makumbusho za mtandaoni, tafuteni kwa tahajia yao. Moshi wameandika Moschi, Kilimanjaro ni Kilimandscharo, Wachaga ni Dschagga, Songea ni Ssongea. Mimi nilihangaika karibu mwaka mzima nikiamini hakuna kitu kumbe nilikuwa naandika majina ya kwetu sawasawa. Na ukipata kitu, nakili namba ya orodha ya makumbusho, kila barua utakayoandika ianze na hiyo namba, kwa sababu barua ya malalamiko ya jumla hujibiwa kwa maneno ya jumla.

Na harakati isiwape ruhusa ya kuongeza chumvi, hapa mimi ni mkali. Waliokufa kwenye Maji Maji, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa, Wajerumani waliandika 75,000 na wanahistoria wengine wanafika 300,000. Usichukue kubwa ukaiweka kwenye bango kwa sababu inatisha, sema zote mbili na useme kila moja imetoka kwa nani. Wazee wa Mau Mau wa Kenya walipoishtaki serikali ya Uingereza London mwaka 2009 kwa mateso ya wakati wa ukoloni walibanwa kwa kila kitu, na kilichowasaidia ni kwamba wanahistoria walikuwa na nyaraka mkononi, na mwaka 2011 yakatoka maelfu ya mafaili ya makoloni yaliyokuwa yamefichwa Hanslope Park, kituo cha serikali ya Uingereza. Juni 2013 serikali ya Uingereza ikaeleza masikitiko yake bungeni na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228, gharama za kesi zikiwa humo humo. Ushahidi ungekuwa na tarakimu moja ya kubuni, upande wa pili ungeng'ang'ania hiyo hiyo mpaka jioni.

Wale mlioko nje, Berlin, Hamburg, London, kazi yenu msiione ndogo. Berlin kulikuwa na mtaa wa Wissmann, yule afisa wa Kijerumani aliyekuja kumpiga Abushiri pwani, tangu 2021 unaitwa Lucy Lameck, mwanasiasa na mama yetu wa Moshi. Barabara ya Petersallee, wengi wakiihesabu ni ya Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani tuliyemwita Mkono wa Damu, 2024 imegawanywa, upande mmoja umepewa jina la Anna Mungunda wa Namibia na upande mwingine sasa ni Maji-Maji-Allee. Ilichukua miaka na miaka ya kukaa vikao vya mtaa na majirani wasiotaka. Mkipiga picha pale kwenye kibao tutumieni, tunazionyesha shuleni, na watoto wa darasa la sita huuliza maswali ambayo sijawahi kuyasikia kwenye kongamano.

Kijana wangu wa rekoda nimemshauri aende Songea tarehe 25 Februari, siyo 27 yenyewe. Tarehe 27 ni kumbukumbu ya mashujaa 67 wa Maji Maji walionyongwa mwaka 1906, kunakuwa na wageni rasmi, maspika, magari, na wazee wanakuwa na haraka. Siku mbili kabla kunakuwa kimya, utakuta watu wanafagia pale makaburini, kaburi la halaiki na lile la Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, lililo peke yake. Chukua fagio kwanza. Majina yao yameandikwa pale, yanakili yote kwenye daftari, alafu muulize anayefagia karibu yako kama kuna la ukoo wake.