Ukitaka kuiona nebula vizuri, ichore

Wageni wakichungulia kwenye darubini yangu hapa Dar wanaangalia sekunde chache tu, "aah nimeona", haoo wanatoka. Hujaona bwana! Jicho linataka muda, na dawa pekee ninayoijua ya kumfanya mtu atulie pale ni kumpa penseli. Na usiniambie hujui kuchora, hapa hatutafuti picha ya kutundika sebuleni.

Anza na mwezi, ila sio mwezi mpevu, siku hiyo jua linaupiga usoni, vivuli hakuna, yaani ni weupe mtupu. Ngoja uwe wa siku ya 7 mpaka ya 10 hivi, afu fuata ule mstari mwanga unapokutana na giza, chagua kreta (yale mashimo ya duara usoni mwa mwezi) moja, MOJA, mengine achana nayo. Mimi napenda Copernicus, upana wake kama kilomita 93, siku ya 9 hivi unakuta ukuta mmoja unawaka na ule wa pili umemwaga kivuli cheusi tii mpaka chini, na katikati vilima vidogo vinachomoza. Vivuli vichore kwanza, tena fasta, kwa sababu ule mstari kule karibu na ikweta ya mwezi unatembea kama kilomita 15 kwa saa, mwendo wa baiskeli tu, ukizubaa unainua macho unakuta kilima kilichokuwa gizani kimeshashika jua na mchoro wako una saa mbili tofauti ndani yake. Andika umeanza saa ngapi, umemaliza saa ngapi.

Nebula, yaani yale mawingu ya gesi na vumbi huko angani yanayoonekana kama ukungu, na makundi ya nyota ni habari nyingine. Kaa gizani dakika 20 au 30, simu mfukoni, tochi ndogo ipake rangi ya kucha nyekundu kwenye kioo, inatosha kabisa. Duara lako la sentimita 8 au 10, ndilo litakuwa lile duara unaloliona kwenye darubini, lichore mapema ukiwa ndani. Weka nyota kali kwanza, jifanye duara ni uso wa saa, hii iko kwenye namba 2, ile namba 7, afu ndio zile hafifu, ukungu uje mwisho. Ukungu usiuchore kwa ncha ya penseli!! Sugua penseli kwenye kipande cha karatasi upate unga, uchote na pamba, pitisha taratibu. Na usikodoe macho katikati, gizani sehemu ya kati ya jicho ndio dhaifu, angalia pembeni kidogo, au gonga bomba la darubini kwa kidole, kitu hafifu kikitikisika kinaonekana.

Nebula ya Orion mwezi wa kwanza inakuwa karibu utosini kwetu, shingo itauma lakini inalipa: zile nyota nne zimebanana katikati, na pale karibu yao giza limeingia kama limeung'ata ukungu. Kwenye picha za mtandaoni ni nyekundu, kwenye darubini yako ni kijivu, labda na ukijani kidogo, sasa wewe chora kijivu. Omega Centauri, kundi la nyota (mwezi wa 6 jioni, geukia kusini), ina nyota kama milioni 10, usijaribu kuzihesabu, weka mng'ao kwanza halafu nyunyizia vidoti juu yake.

Kama unaona hii ni michezo ya watoto, mwaka 1845 Lord Rosse kule Ayalandi, na darubini yenye kioo cha karibu mita 1.8, alichora galaksi inayoitwa M51 ikiwa imejizungusha kama konokono, ndio mara ya kwanza binadamu kuona galaksi ina umbo hilo, na hapo kamera ya kupiga kitu hafifu namna hiyo haikuwepo.

Ukirudi ndani usiongezee kitu ambacho hukukiona. Ukitaka mbingu iwe nyeusi piga mchoro picha na simu, geuza rangi nyeupe iwe nyeusi na nyeusi iwe nyeupe, basi. Na kwa sisi wa Pwani, nunua daftari la karatasi nene, umande wa huku unalowesha kila kitu.